Bei ya Disko: Hesabu ya Mwanachuo wa Mbagala

Kijana anayekaa Mbagala Rangi Tatu na kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, hupanda magari mawili kabla ya kuingia darasani. La kwanza linamtoa Rangi Tatu na kumpitisha Barabara ya Mandela hadi Ubungo, la pili linampandisha kilimani. Tuseme foleni ni ya kawaida, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi. Zidisha kwa siku tano za wiki, kisha kwa wiki 15 za kufundishwa katika muhula. Unapata saa 300.

Ili kuona ukubwa wa saa hizo, zipime kwa kipimo cha chuo chenyewe. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo mnaingia mihadhara, semina, kusoma peke yake na mitihani. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200, na muhula ni saa 600. Kijana wetu basi anaacha barabarani muda ulio sawa na nusu ya ule aliotengewa kwa masomo yote ya muhula. Kozi ya krediti 12 huhesabiwa saa 120, kwa hiyo ni kama amejiandikisha kozi mbili na nusu za ziada ambazo ARIS, mfumo wa kompyuta wa chuo, haizioni, na mhadhiri wake ni konda.

Kuna nauli pia. Kwa viwango vilivyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, mwishoni mwa 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, na ya kilomita 21 hadi 25 ilikuwa 900. Mwanachuo havai sare ya shule, kwa hiyo konda anamdai kama mtu mzima. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa siku, 225,000 kwa muhula. Boom, ile fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Asilimia 30 ya boom ya siku ya masomo inaishia mkononi mwa konda, na hapo tunamzungumzia aliyepata boom kamili. Wapo wanaopewa asilimia tu, na wapo wasiopata kitu.

Naanza na barabara kwa sababu mjadala wa wanafunzi wanaofeli mwaka wa kwanza huishia haraka kwenye tabia: vijana wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu, wamepata uhuru wakaupapia. Huenda kuna ukweli humo. Lakini tabia ni ngumu kuihesabu, na hesabu ndiyo inayoweza kutuambia nini kinagharimu kiasi gani, nani anakilipa, na kama kumshika mkono mwanafunzi mapema ni huruma tu au pia ni biashara nzuri kwa Taifa.

Kwa asiyepita chuo: mwanafunzi anayeanguka kozi moja au mbili hupata sapu, mtihani wa marudio. Akiangusha wastani wake chini ya kiwango anadisko, yaani anaondolewa masomoni. Kwenye mizani ya GPA ya alama 5, shahada ya daraja la chini kabisa inaanzia 2.0. Aliyezoea kuwa wa tatu darasani katika shule ya kata anaweza kufika Februari akakuta ana 1.6, na hakuna mtu aliyemwambia kitu tangu Novemba.

Disko moja la mwaka wa kwanza lina bei gani? Chukua ada ya shilingi milioni 1.3 kwa mwaka, ambayo ni kadirio la kawaida kwa shahada ya sayansi au ualimu katika chuo cha umma. Ongeza boom: siku 60 kwa robo ni 600,000, na robo nne ni milioni 2.4. Ongeza posho ya vitabu na viandikwa, 200,000. Jumla ni milioni 3.9. Hapo sijaweka nauli, wala simu iliyonunuliwa kwa ajili ya chuo, wala kipato ambacho kijana angekipata kama mwaka huo angeutumia kuuza nguo Kariakoo.

Kadirio hili haliko mbali na hesabu kubwa ya Serikali. Bajeti ya mikopo ya elimu ya juu kwa 2024/25 ilikuwa shilingi bilioni 787, kwa wanafunzi wanaokaribia robo milioni. Gawanya: zaidi kidogo ya milioni 3.1 kwa kichwa.

Milioni 3.9 hizo hazifutiki kwa kudisko. Ni deni. Mhitimu mwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize. Aliyeondolewa mwaka wa kwanza anadaiwa pia, ila hana ile shahada ambayo ingempa mshahara wa kukatwa. Na kwa yule ambaye hakuondolewa bali anarudia mwaka, sheria ya Bodi ya mwaka 2004 inataka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu mitihani ya kumpeleka hatua inayofuata. Akikwama darasani, mkopo nao unakwama, na mzigo unahamia kwa mama anayeuza chapati Mbagala Kizuiani.

Sasa turudi kwenye kalenda, maana nadhani hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mlimani, kama katika vyuo vingi, alama za kozi zinagawanyika 40 kwa 60. Tathmini endelevu, yaani majaribio, kazi za nyumbani na semina, ina 40. Mtihani wa mwisho wa muhula, ule ambao wanafunzi huuita UE, una 60. Alama ya chini ya kufaulu ni 40 kwa mia. Aliyekusanya 24 kati ya 40 anaingia UE akihitaji 16 tu kati ya 60, sawa na asilimia 27. Hata akiumwa malaria siku hiyo, pengine atapita. Mwenye 12 anahitaji 28 kati ya 60, asilimia 47. Mwenye 8 anahitaji 32, asilimia 53, tena katika kozi ambayo ameshaonyesha kwamba haielewi. Vyuo vingine vina kiwango cha chini cha tathmini endelevu, na asiyekifikia haruhusiwi hata kukaa kwenye mtihani.

Jaribio la kwanza hufanywa kama wiki ya 6 au ya 7. Kuanzia hapo hadi UE kuna wiki nane au tisa, na chuo tayari kina karatasi inayoonyesha nani anazama. Hakuna haja ya kompyuta yenye akili kuliko watu. Mhadhiri au msaidizi wake akipanga alama za jaribio kutoka ndogo kwenda kubwa, orodha imepatikana. Mara nyingi alama hizo zinabandikwa ubaoni au kuwekwa kwenye mfumo, zinatazamwa, kisha kila mtu anaendelea na safari yake. Mwanafunzi anajua ameanguka, mhadhiri anajua, na mfumo wa kompyuta umehifadhi. Mtu wa kumpigia simu ndiye hayupo.

Waliojaribu kumweka mtu huyo wapo, na hesabu zao zinajulikana. Chuo Kikuu cha Georgia State kilichopo Atlanta, Marekani, kinapokea wanafunzi wengi wa kipato cha chini, na wengi ni wa kwanza kusoma chuo katika familia zao. Mwaka 2003 ni asilimia 32 tu ya walioanza waliokuwa wakihitimu ndani ya miaka sita. Kuanzia 2012 kiliweka mfumo unaofuatilia dalili 800 za hatari: alama mbaya katika kozi ya msingi, kujiandikisha kozi isiyofaa, na kadhalika. Kiwango kikapanda hadi kufikia asilimia 54. Magazeti yalisifu kompyuta. Walioangalia kwa makini waliona kwamba chuo hicho kiliajiri pia washauri 42 wapya, na kilikuwa na mfuko wa fedha ndogondogo, wastani wa kama dola 900, kwa wanafunzi waliokuwa karibu kufutwa kwa sababu ya deni dogo la ada. Bila watu na bila vijisenti hivyo, dalili 800 zingekuwa takwimu za kupamba ripoti.

Mfano wa pili ni wa New York. Chuo Kikuu cha Jiji, CUNY, kilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa stashahada: mshauri mwenye wanafunzi wachache, masomo ya ziada, msaada wa ada na vitabu, na kadi ya bure ya usafiri wa jiji. Hiyo kadi ya usafiri naomba msomaji wa Mbagala aitazame mara mbili. Taasisi ya utafiti ya MDRC iligawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio ndani walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya walio nje. Kwa kila mwanafunzi mpango ulikuwa ghali, kama asilimia 60 zaidi ya kawaida. Lakini fedha yote ilipogawanywa kwa idadi ya waliohitimu, kila mhitimu alikuwa ametoka kwa bei ndogo kuliko nje ya mpango.

Tuweke bei ya jambo hili hapa kwetu. Ninayoyaandika ni makadirio yangu, na kila namba naitaja ili anayebisha ajue pa kubishia. Chukua chuo chenye wanafunzi 1,000 wa mwaka wa kwanza. Tuseme baada ya jaribio la kwanza mmoja kati ya watano, yaani 200, anaingia kwenye orodha.

Washauri wawili wa kudumu, shilingi milioni 1.5 kwa mwezi kila mmoja pamoja na makato ya mwajiri: milioni 36 kwa mwaka. Viongozi wa vikundi, wanafunzi 20 wa mwaka wa pili na wa tatu waliofaulu kozi hizohizo, kila mmoja na watu 10, vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki kwa wiki nane, malipo 5,000 kwa saa: 160,000 kwa kiongozi kwa muhula, milioni 6.4 kwa wote katika mihula miwili. Kuchapa mitihani ya zamani na muhtasari, 10,000 kwa mwanafunzi kwa muhula: milioni 4. Vocha za simu, laki sita. Mwisho mfuko wa nauli: wanafunzi 60 kati ya wale 200, wale wanaotoka mbali kama Mbagala, Chamazi au Kongowe, walipiwe nauli ya muhula mzima, 225,000 kila mmoja. Hiyo ni milioni 27 kwa mwaka.

Jumla, milioni 74. Kwa kila aliye kwenye orodha ni 370,000. Ukitaka kuigawa kwa wote 1,000, ni 74,000 kwa kila mwanafunzi.

Gawanya milioni 74 kwa bei ya disko moja, milioni 3.9. Unapata 19. Mpango ukiwaokoa wanafunzi 19 kati ya 200, chini ya mmoja kati ya kumi, umejilipa. Ukiondoa mfuko wa nauli unabaki na milioni 47, na idadi inashuka hadi 13. Ingawa mpango unakuwa ghali zaidi, mimi nisingeuondoa mfuko huo, kwa sababu kikundi cha kusoma cha saa kumi na moja jioni hakimfai mtu ambaye saa kumi na moja yuko Buguruni anasubiri gari.

Hapo kuna jambo ambalo anayeishi hosteli halioni. Msaada mkubwa wa masomo Mlimani ni wa bure na upo tangu zamani: diskasheni. Wanafunzi wanajikusanya kwenye vimbweta, meza zile za zege chini ya miti, na kuanzia magharibi mmoja anaeleza, wengine wanabisha, karatasi za miaka iliyopita zinapita mkono kwa mkono. Kimbweta ndicho kinachomfanya aliyepata D kidato cha sita amfikie aliyepata B. Kwa yule wa Rangi Tatu, kimbweta kinaanza kuchangamka wakati yeye amesimama kwenye daladala.

Ndiyo maana naiweka hosteli kwenye hesabu hii. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani na Rais Magufuli Aprili 2017 yaligharimu shilingi bilioni 10 na yana nafasi 3,840, kama milioni 2.6 kwa kitanda. Kitanda hicho, tofauti na nauli, kinatumika miaka mingi. Kama mipango yote ingekuwa chaguo langu, baada ya jaribio la kwanza ningetenga vitanda vichache kwa walio kwenye orodha wanaoishi mbali, hata kwa muhula mmoja. Ofisi inayogawa vitanda itasema utaratibu hauruhusu kugawa vitanda katikati ya muhula. Utaratibu huo uliandikwa na watu.

Mbagala si sehemu ndogo ya kuiacha nje ya mahesabu. Sensa ya 2022 iliihesabu Manispaa ya Temeke, ambayo Mbagala ni sehemu yake, kuwa na watu 1,346,674, robo kamili ya wakazi 5,383,728 wa Dar es Salaam. Waliosoma bure tangu Januari 2016, wale walioingia kidato cha kwanza mwaka huo, walimaliza cha sita mwaka 2022 na kuanza kufika vyuoni mwishoni mwa mwaka huohuo. Nyuma yao wanafuata wengi zaidi, kutoka madarasa yaliyojaa. Kwa sifa za chini za TCU, alama 4 katika masomo mawili zinatosha kuomba shahada, na D mbili zinatoa 4. Huo ni mlango halali, na mimi sina tatizo nao. Chuo kinachompokea mtu mwenye D mbili kinajua tangu siku ya usajili kwamba atahitaji kusaidiwa.

Lugha nayo imo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania Kiingereza, na kati ya wanachuo waliopimwa, waliokuwa na uwezo wa kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao walikuwa chini ya asilimia 20. Zaidi ya miaka 40 imepita na vitabu vimebadilika, lakini mtoto wa Mbagala bado anasoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kukariri. Mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja kwa dakika 12 wakati mwenzake anatumia nne anahitaji saa tatu kwa kila saa moja ya mwenzake. Zirudishe hapo zile saa 300 za barabarani uone zinavyouma.

Isidhaniwe kwamba haya ni mawazo ya kuletwa kwa meli. Mwaka 2004 Chuo cha Uhandisi na Teknolojia cha Mlimani, kwa msaada wa taasisi ya Carnegie ya Marekani, kilianza kuwapa wasichana waliokosa kidogo sifa za uhandisi masomo maalumu kabla ya kuanza mwaka wa kwanza. Ujuzi wa kuifanya kazi hii upo ndani ya nchi. Tatizo la mipango ya namna hiyo ni kwamba huishi kwa pumzi ya mfadhili.

Kwa hiyo nani alipe? Disko linapotokea, anayepoteza zaidi ni Bodi ya Mikopo na familia. Anayeweza kulizuia ni chuo, na chuo hakioni hasara hiyo kwenye vitabu vyake. Lakini chuo nacho kina hasara yake, ila haijaandikwa popote: mwanafunzi akiondoka baada ya mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka mitatu, ada ya miaka miwili, milioni 2.6, imeondoka naye. Mhadhiri wa mwaka wa pili analipwa vilevile, darasa lina taa zilezile, kiti kiko wazi. Gawanya milioni 74 kwa 2.6 unapata 29 kwa kukadiria juu. Wakiokolewa 29 kati ya 200, chuo kimerudishiwa fedha zake zote kutoka kwenye ada tu, bila kumwomba mfadhili.

Upande wa Serikali, asilimia moja ya bilioni 787 ni bilioni 7.87. Kwa 370,000 kwa kichwa, hizo zinatosha wanafunzi 21,270. Mwaka 2022/23 Serikali ilitenga bilioni 3 kwa ufadhili wenye jina la Rais Samia, kwa wanafunzi 640 waliofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Sina ugomvi na ufadhili huo. Vijana wale wamestahili. Nasema tu kwamba bilioni 3 hizo kwa bei ya hapo juu zingewasimamia zaidi ya wanafunzi 8,000 ambao hawapigiwi makofi na mtu.

Zipo hoja za kupinga, na moja ni nzito. Orodha ya wiki ya 7 itawakamata wengine ambao wangefaulu wenyewe, na kuwakosa wengine watakaoanguka baadaye. Ni kweli. Ndiyo maana nimeweka watu 200 na kutafuta 19, nisitafute 200. Hoja ya pili ni aibu: mtu akiitwa kwenye kikundi cha waliofeli, haji. Hapo namkumbuka Uri Treisman, mwalimu wa hisabati aliyefanya kazi Berkeley, California, miaka ya 1970. Aliona wanafunzi weusi wakisoma peke yao kwa bidii na kuanguka, huku wenzao wa asili ya Kichina wakisoma pamoja na kupita. Akaunda vikundi, lakini badala ya masomo ya kurudia ya chini, aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Walikuja, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuwa yeye ni mgonjwa. Kikundi cha kusoma kikiitwa diskasheni ya kozi fulani, na kikawa na maswali ya UE yanayoumiza kichwa, hata mwenye alama 30 kati ya 40 atataka kuingia.

Lililobaki ni ratiba. Wanafunzi wanafika mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Jaribio la kwanza likisahihishwa wiki ya 7, orodha inatakiwa iwe mezani wiki ya 8, na kikundi kikutane wiki hiyohiyo, maana kila wiki inayopotea ni moja kati ya nane. Mikataba ya wale viongozi 20 wa vikundi basi inatakiwa kusainiwa Septemba, kabla hata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza hajajulikana jina, na bajeti yake ipitishwe na baraza la chuo kabla ya mwaka mpya wa fedha, tarehe 1 Julai.